Kuwahesabu Samaki wa Ziwa Victoria kwa Sauti

Majini, sauti hufika pasipofika mwanga. Katika Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, maji yamejaa matope na mwani kiasi kwamba jicho haliwezi kuona mbali chini ya mashua. Mawimbi ya redio nayo hufifia upesi yakizama. Sauti ndiyo inayobaki. Katika maji yasiyo na chumvi yenye joto la nyuzi 25 za selsiasi, sauti husafiri karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, na huenda mbali kabla ya kuisha nguvu. Kwa sababu hiyo wataalamu wanaotaka kujua ziwa lina samaki kiasi gani, wako kina kipi na wana ukubwa gani hupiga sauti majini, kisha husikiliza kinachorudi.

Kifaa chao ni ekosaunda. Chini ya meli, au kwenye mlingoti uliofungwa ubavuni mwa mashua, huwekwa transdusa, yaani kibamba kinachogeuza umeme kuwa sauti na sauti kuwa umeme. Transdusa hutoa mpigo mfupi sana wa sauti, usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, kisha hunyamaza na kusubiri mwangwi. Sikio la binadamu halisikii mpigo huo. Sikio hukomea kama kilohezi 20, ilhali ekosaunda za Ziwa Victoria zimetumia zaidi kilohezi 70 na 120. Mwangwi ukirudi, mashine huangalia mambo mawili: umechukua muda gani, na umerudi na nguvu kiasi gani. Muda hueleza kina. Samaki aliye mita 40 chini hujibu baada ya sehemu 53 hivi za elfu za sekunde, kwa kuwa sauti imeenda mita 40 na kurudi mita 40. Nguvu ya mwangwi hueleza ukubwa na wingi, na hapo ndipo ugumu wote wa kazi hii ulipo.

Sauti ya ekosaunda haisambai kila upande. Hutoka kwa mwale mwembamba unaopanuka kadiri unavyoshuka. Mwale wa kawaida una upana wa nyuzi 7, kwa hiyo kwenye kina cha mita 40 humulika duara la takriban mita 5 tu. Meli inapotembea huku ikipiga mpigo baada ya mpigo, maduara hayo hushikana na kuwa ukanda mrefu, na miangwi yake huchorwa kwenye skrini kama picha ya ziwa lililokatwa wima: uso wa maji juu, sakafu chini, na katikati madoa, mistari na mawingu ya viumbe. Picha hiyo huitwa ekogramu.

Samaki hujibu sauti kwa sababu mwili wake haufanani na maji yanayomzunguka. Hata hivyo nyama ya samaki ina maji mengi, na sauti huipenya bila kuhangaika sana. Kinachojibu kwa nguvu ni kibofu cha hewa, mfuko wa gesi ulio chini ya uti wa mgongo ambao humsaidia samaki kuelea bila kuchoka. Gesi ni nyepesi mno ikilinganishwa na maji, kwa hiyo sauti ikifika hapo hurudishwa karibu yote. Kwa samaki mwenye kibofu, zaidi ya asilimia 90 ya mwangwi wake hutoka kwenye mfuko huo mmoja. Kati ya samaki wa ziwa hili, mbuta anacho, omena anacho, fulu na ngege pia. Uduvi mdogo wa ziwani, ambao Wajaluo huuita ochong'a, hauna, na ndiyo maana huitika kwa sauti hafifu hata ukiwa mwingi.

Nguvu ya mwangwi wa samaki mmoja hupimwa kwa desibeli, na huhusiana na urefu wake kwa kanuni iliyo rahisi kuliko inavyotarajiwa: mwangwi huongezeka takriban kwa mraba wa urefu. Mbuta wa sentimita 50 ni mrefu mara kumi kuliko omena wa sentimita 5, na mwangwi wake ni mkubwa kama mara mia moja. Lakini samaki haendi amenyooka wakati wote. Akiinamisha kichwa kushuka, au akijipinda kugeuka, kibofu chake huelekea upande mwingine na mwangwi hupungua sana. Samaki yuleyule, kwa dakika moja, anaweza kusikika kama wa saizi mbili tofauti. Ndiyo sababu hakuna mtaalamu makini anayeutegemea mwangwi mmoja. Huchukua wastani wa maelfu.

Kuhesabu kwenyewe hufanywa kwa njia mbili, na tofauti yake inafaa kueleweka. Samaki wakubwa wanaoogelea kila mmoja kivyake, kama mbuta, hujitokeza kwenye ekogramu kama vialama vilivyotengana. Hao huhesabiwa mmoja mmoja, kisha idadi hugawanywa kwa ujazo wa maji yaliyomulikwa na mwale. Omena hawahesabiki hivyo. Huenda kwa makundi mazito ambamo miangwi ya mamia hupandana na kuwa wingu moja. Hapo hutumika njia ya kujumlisha: nguvu yote ya mwangwi wa wingu hukusanywa, kisha hugawanywa kwa nguvu ambayo omena mmoja wa saizi ile angetoa. Mchuuzi wa omena katika soko la mji wa Keroka, nchini Kenya, hufanya hesabu ya namna hiyohiyo anapouza kwa gorogoro: hahesabu samaki, hupima ujazo wote kwa kipimo anachokijua. Njia ya kujumlisha hufaa kwa sababu katika msongamano wa kawaida, mwangwi wa samaki elfu ni sawa na miangwi elfu ya samaki mmoja mmoja ikijumlishwa. Jambo hilo lilithibitishwa kwa majaribio ya samaki waliofungiwa kwenye vizimba, na bila hilo taaluma nzima isingesimama.

Historia ya ujuzi huu ni ndefu kuliko ya uvuvi wa kisasa. Mwaka 1826, Daniel Colladon na Charles Sturm walipima mwendo wa sauti katika Ziwa Geneva kwa kugonga kengele chini ya maji na kuwasha baruti papo hapo, huku msikilizaji akikaa mbali upande wa pili wa ziwa. Baada ya Titanic kuzama mwaka 1912, Lewis Richardson wa Uingereza aliomba hataza ya kutambua vizuizi majini kwa mwangwi, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Paul Langevin wa Ufaransa akatengeneza transdusa iliyoweza kufanya kazi hiyo ili kusaka nyambizi. Samaki waliingia baadaye. Kimura wa Japani aliwatambua kwa sauti ndani ya bwawa mwaka 1929, na mwaka 1935 Oscar Sund wa Norwe alichapisha picha za mwangwi za chewa wa Lofoten walioelea katika tabaka jembamba. Katika Vita vya Pili, wanamaji wa Marekani waliona kwenye bahari kuu sakafu ya uongo iliyokuwa ikishuka alfajiri na kupanda jioni. Haikuwa sakafu. Yalikuwa mabilioni ya samaki wadogo na planktoni wanaokwea kutafuta chakula usiku. Katika miaka ya 1960 Wanorwe wakaunda mashine ya kujumlisha miangwi, na kuanzia hapo sauti ikaacha kuwa chombo cha kutafuta samaki tu, ikawa mizani.

Afrika Mashariki iliipokea mizani hiyo kwanza baharini. Meli ya utafiti ya Norwe, Dr. Fridtjof Nansen, iliyoanza kazi mwaka 1975 kwa ushirikiano na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilipima pwani za Kenya na Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980. Katika Ziwa Tanganyika, mradi wa utafiti uliofadhiliwa na Finland ulitumia meli Tanganyika Explorer katika miaka ya 1990 kuwapima dagaa na migebuka. Lakini mahali ambapo njia hii imekuwa na uzito mkubwa zaidi kwa maisha ya watu wengi ni Ziwa Victoria.

Ziwa hilo lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800 na kina kisichozidi sana mita 80. Karibu nusu yake iko Tanzania, asilimia 43 hivi Uganda, na asilimia 6 tu Kenya. Mbuta, anayeitwa sangara Tanzania, aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka ghafla, aina nyingi za fulu zikatoweka, na viwanda vya minofu vikajengwa kando ya ziwa lote. Swali la lazima likawa: wamebaki wangapi? Takwimu za samaki wanaofikishwa ufuoni haziwezi kulijibu peke yake. Uzito wa samaki wanaotua ufuoni unaweza kubaki uleule miaka mitano mfululizo huku mashua zimeongezeka maradufu na nyavu zimefika mbali zaidi, na mtu anayesoma tarakimu hizo akadhani ziwa ni salama. Takwimu za ufuoni husema watu wamevua kiasi gani. Sauti husema kilichobaki majini, na haimtegemei mvuvi hata kidogo. Huo ndio ubora wake mkuu, na ndio unaohalalisha gharama ya meli, mafuta na mabaharia.

Upimaji wa ziwa zima kwa sauti ulianza Agosti 1999 chini ya Mradi wa Utafiti wa Uvuvi wa Ziwa Victoria, uliogharamiwa na Umoja wa Ulaya. Taasisi za utafiti wa uvuvi za nchi tatu zilishiriki pamoja: KMFRI ya Kisumu, TAFIRI ya Mwanza na ile ya Jinja ambayo leo huitwa NaFIRRI. Meli Victoria Explorer ilizunguka ziwa lote mara mbili kwa mwaka, Februari na Agosti. Baada ya mradi kwisha kulikuwa na pengo, kisha kazi ikarejea mwaka 2005 ikiratibiwa na Shirika la Uvuvi wa Ziwa Victoria, lililoundwa mwaka 1994 na lenye makao Jinja.

Februari na Agosti hazikuchaguliwa kwa bahati. Ziwa Victoria hugawanyika tabaka karibu mwishoni mwa mwaka na kubaki hivyo hadi miezi ya mvua ndefu: maji ya juu huwa na joto na hewa ya oksijeni, ya chini hupoa na kuishiwa na oksijeni. Samaki hawawezi kukaa chini, hivyo husukumwa juu na pembeni. Kuanzia Juni, pepo za kusini hulichanganya ziwa, oksijeni hufika tena sakafuni na samaki husambaa. Kupima katika hali zote mbili humzuia mtafiti kudhani samaki wamepungua wakati ambapo wamehama tu.

Safari ya kupima huanza kabla ya samaki wa kwanza kusikika. Mpira mdogo wa shaba au wa tangsteni, ambao mwangwi wake unajulikana kwa usahihi, huning'inizwa kwa nyuzi chini ya transdusa, na mashine hurekebishwa hadi isome nguvu inayotakiwa. Hatua hii inachosha na hufanywa maji yakiwa shwari, lakini kosa la desibeli 3 tu hapa hufanya tani za samaki wa ziwa zima zionekane nusu au mara mbili ya zilivyo. Matokeo ya ekosaunda ambayo haikurekebishwa hivyo hayafai kuitwa kipimo. Baada ya hapo meli hufuata mistari iliyopangwa, ikipita maeneo ya kina kirefu cha zaidi ya mita 40, yale ya katikati, na yale ya karibu na ufuo, kila eneo likihesabiwa peke yake. Njiani hushushwa wavu wa kukokota, kwa sababu sauti peke yake haitaji jina la samaki. Wavu huonyesha mawingu ya kwenye ekogramu ni ya omena, ya fulu au ya mchanganyiko, na samaki waliopatikana hupimwa urefu na uzito ili miangwi igeuzwe kuwa tani. Wakati huohuo hupimwa joto na oksijeni kutoka juu hadi chini.

Matokeo ya safari tano za kati ya Agosti 1999 na Agosti 2001 yalichapishwa mwaka 2003 na Albert Getabu, ambaye baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Kisii, pamoja na Rhoda Tumwebaze na David MacLennan. Kwa wastani ziwa lilikuwa na takriban tani milioni 2 za samaki. Zaidi ya nusu ya uzito huo ulikuwa wa mbuta, na kama moja ya tano wa omena. Safari zilizofuata zilionyesha mgeuko mkubwa. Kufikia 2008, mbuta waliosomwa na ekosaunda walikuwa chini ya nusu ya wale wa mwanzo, huku omena wakishika nafasi ya kwanza. Takwimu za ufuoni zingechelewa kuonyesha badiliko hilo. Miangwi ililionyesha mapema na kwa ziwa lote. Katika mjadala wa kulinda mbuta wachanga wasiofika sentimita 50, huo ulikuwa ushahidi ambao hakuna upande ungeweza kuupuuza.

Kuhusu planktoni, kazi ni ngumu zaidi. Kiumbe hujibu vizuri pale ukubwa wake unapokaribia urefu wa wimbi la sauti. Kwa kilohezi 120 ndani ya Ziwa Victoria, urefu wa wimbi ni kama milimita 12.5. Krustasia wa milimita moja, chakula kikuu cha omena, ni mdogo mno mbele ya wimbi hilo, na mwangwi wake huporomoka kwa kasi kadiri ukubwa unavyopungua. Viumbe wa aina hiyo bado huhesabiwa kwa wavu wenye matundu madogo na hadubini. Ochong'a, mwenye sentimita moja au mbili, husikika, na watafiti humtambua kwa kulinganisha masafa mawili: hujibu kwa nguvu zaidi kwenye masafa ya juu, ilhali samaki mwenye kibofu hujibu karibu sawa kwenye yote mawili. Tatizo kubwa ni mabuu ya Chaoborus, wale wadudu ambao wakishapevuka hupaa juu ya ziwa kwa mawingu yanayoonekana kama moshi kutoka mbali. Mabuu hayo hukaa majini yakiwa na vifuko vidogo vya hewa mwilini, na vifuko hivyo huitika kama kibofu cha samaki. Wingu la mabuu linaweza kusomwa kimakosa kuwa kundi la samaki wadogo sana. Huwa hayaogopi maji yasiyo na oksijeni, na hiyo ndiyo njia nzuri ya kuyagundua: mwangwi mzito unaotoka mahali ambapo samaki hawezi kupumua, mara nyingi si wa samaki.

Sauti ina mahali isiposikia. Mita chache za juu hupotea kwa kuwa transdusa iko chini ya meli na mwale wake haujatengemaa karibu na uso wake. Nusu mita hivi ya mwisho juu ya sakafu hupotea pia, kwa sababu mwangwi mkubwa wa sakafu humeza wa samaki aliyelala hapo. Katika maji ya mita 60 hasara hiyo ni ndogo. Katika maji ya mita 5 ni sehemu kubwa ya maji yote, na samaki wa maji haba huwahi kuikwepa meli yenye kelele. Ngege wanaoishi kwenye vichaka vya matete karibu hawaonekani kabisa katika hesabu hizi. Tarakimu za ekosaunda zisitumiwe kuzungumzia ngege.

Jambo hili linaigusa Kenya kuliko jirani zake. Sehemu kubwa ya Ghuba ya Winam ni maji ya kina kifupi, na meli kubwa haiwezi kuipita yote kwa usalama. Omena wa ghuba hiyo na wa visiwa vilivyo karibu na Mbita ndio wanaopandishwa nyanda za juu kupitia Oyugis na Kisii hadi Keroka, mji ulio kwenye mpaka wa kaunti za Kisii na Nyamira, ambako ziwa halionekani lakini samaki wa ziwani huliwa kila siku. Omena haohao hutengeneza chakula cha kuku na cha samaki wa mabwawa, kwa hiyo mfugaji wa ngege wa kaunti hizo anayepata ushauri kituo cha KMFRI cha Kegati anategemea ziwa hata akiwa na bwawa lake. Kenya imekuwa ikifunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi Julai ili wazaliane. Iwapo ufungaji huo unatosha, au miezi yake ni sahihi, ni swali linalohitaji kipimo cha ndani ya ghuba kabla na baada ya kufunga, wala si wastani wa ziwa zima.

Kipimo hicho kinawezekana. Ekosaunda za leo ni ndogo kiasi cha kubebwa kwenye mashua, na transdusa inaweza kugeuzwa iangalie pembeni badala ya chini, ili imulike maji ya juu ambayo meli huyakosa. Mwale wa pembeni una matatizo yake, kwani samaki anayeonekana kwa ubavu hujibu tofauti na anayeonekana kwa mgongo, na mawimbi ya juu huleta miangwi ya uongo. Hata hivyo ni afadhali kipimo chenye kasoro inayojulikana kuliko eneo lisilopimwa.

Upimaji wa mara moja, hata ukifanywa kwa uangalifu wote, hauna thamani kubwa, kwa kuwa makosa yake hayana cha kulinganishwa nacho. Ukirudiwa kila mwaka kwa mistari ileile, miezi ileile na mashine iliyorekebishwa, kosa linalojirudia halifichi tena mwelekeo, na mwelekeo ndio anaouhitaji anayepanga uvuvi. Serikali tatu za ziwa hili zimeshawekeza katika meli, wataalamu na taratibu za pamoja. Kinachohitajika ni bajeti isiyosubiri wafadhili, na mashua ya kudumu ya kupima Ghuba ya Winam kila mwaka.